Wazee wanaanguka, sisi tunangoja simu

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka tuzungumze habari ya kuanguka. Sina maana ya kuanguka kwa bei ya korosho, ambako sisi watu wa kusini tumekuzungumza mpaka midomo imekauka. Nina maana ya kuanguka kwenyewe: mzee ametoka chumbani kwenda uani, mguu umeteleza, yuko chini.

Najua wako watakaosema kwamba hilo si jambo la kuzungumza redioni. Mzee kuanguka ni kawaida, watasema, mbona hata mtoto huanguka akainuka? Nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka simu yangu ilipoita saa kumi na moja alfajiri. Wewe unayeishi mjini na una wazazi kijijini unaijua simu ya saa hiyo. Huwa haileti salamu.

Mama yangu mkubwa, dada yake mama, anaishi katika kijiji kimoja kati ya Newala na Masasi, pale uwanda wa juu wa Makonde unapoanza kuteremka. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 74. Ilikuwa Februari na mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni. Usiku akatoka kwenda msalani. Choo kiko hatua ishirini na kitu nyuma ya nyumba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu. Mkono wa kulia alishika koroboi, mkono wa kushoto kopo la maji. Alipofika penye kijiteremko ambapo maji ya paa hupita, kandambili ya mguu mmoja ikanasa kwenye tope na mguu wa pili ukaendelea na safari. Akaangukia ubavu. Koroboi ikazimika. Alilala pale kwenye mvua mpaka jogoo wa pili, mjukuu wake wa miaka tisa alipotoka na kumkuta.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika karibu na nyonga.

Ukoo ukachangishana. Kulikuwa na gari la kukodi, dawa, chakula cha wauguzaji, nauli za wale waliokwenda kupokezana zamu, hata ujira wa kijana wa kumchungia mbuzi. Tulipokuja kujumlisha ilikuwa zaidi ya shilingi laki tisa. Na hapo ndipo nilipoona aibu. Sisi ni ndugu saba tulio mjini, kila mmoja na mshahara wake au biashara yake. Katika sisi saba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mama mkubwa kama njia yake ya chooni inateleza.

Jambo la pili lilinitia aibu zaidi. Siku moja nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake aliniambia kwamba ile haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ameanguka mara mbili tangu msimu wa korosho: mara moja chini ya mkorosho, mara moja kwenye sakafu ya kisima. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Ningewaambia mngenikataza kwenda shamba." Alisema kweli. Dawa yetu sisi watoto wa mjini ni moja tu: kukataza. Kwa hiyo wazee wetu wamejifunza kuficha. Ukipiga simu utaambiwa sijambo, nimeteleza kidogo tu juzi, lakini sijambo. Na wewe unaridhika, unakata simu. Kumbe waganga wanajua siku nyingi kwamba mtu aliyekwisha kuanguka mara moja ndiye aliye karibu zaidi na kuanguka tena. Hilo neno "nimeteleza kidogo" ndilo lilikuwa onyo lenyewe.

Tusidhani kwamba ni jambo la kijiji kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaokufa wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Katika ajali zote zisizokusudiwa, za barabarani tu ndizo zinazoua watu wengi zaidi. Kwa habari ya magari tuna askari, tuna vibao, tuna matuta. Kwa habari ya uani kwa bibi hatuna chochote.

Sasa tutazame mahali penyewe, maana watu hawaanguki hewani, huanguka mahali. Newala iko juu na maji yako chini. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alishangazwa na jinsi watu wa uwanda ule walivyoishi mbali na maji yao. Mradi wa maji wa Makonde, tangu miaka ya 1950, umekuwa ukipandisha maji kwa pampu, lakini bomba halijamwondolea kila mtu shida yake. Ndiyo maana nyumba nyingi kule zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, ambacho hupokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ni akili nzuri sana ya wazee wetu, nami sina neno la kuilaumu. Lakini kitazame kisima hicho kwa macho ya mtu wa miaka 75. Ukingo wake ni mfupi, unafika magotini. Sakafu kukizunguka ni saruji laini iliyoota utando wa kijani kwa sababu ya maji yanayomwagika. Bibi anasimama pale, anainama, anavuta ndoo kwa kamba, na uzito wote unakwenda mbele.

Kurekebisha kisima kama hicho si kazi ya mhandisi. Sakafu husuguliwa kwa mchanga na brashi ya waya mpaka ule utando utoke. Anayejenga upya anaweza kumwambia fundi aipige saruji mikwaruzo ikiwa bado mbichi, na ainue ukingo ufike kiunoni. Nguzo mbili na kapi juu yake zitamwezesha bibi kuvuta akiwa amesimama wima. Na ndoo iwe ndogo. Ndoo ya lita 20 ni ya vijana.

Chini ya mkorosho kuna hatari yake. Msimu unapofika, wazee ndio waokotaji, kwa sababu vijana wako mjini wanauza vocha. Siku ya Wazee Duniani huadhimishwa tarehe 1 Oktoba, siku ambayo wazee wengi wa Newala, Tandahimba na Masasi wameinama chini ya mikorosho wakitenganisha korosho na mabibo, na pengine hawana habari kwamba ni siku yao. Mtu akiinama saa nzima kisha akasimama ghafla, damu huchelewa kufika kichwani. Macho yanaingia giza, anayumba, na pale anapoyumba kuna kisiki kilichoachwa wakati wa kufyeka, au mzizi uliofunikwa na majani makavu. Basi anayefyeka shamba la mama yake ang'oe na visiki. Na mama achukue kigoda aokote akiwa amekaa, akihama nacho. Nimeona wengine wanaona haya kwenda shamba na kigoda, eti ni uvivu.

Ukishuka Masasi hali inabadilika, kule ni majabali. Mgeni huyapenda kuyapiga picha, lakini mwenyeji hupita juu yake kwenda kwa jirani, na mchanga mwembamba juu ya jabali ni sawasawa na mtama uliomwagwa sakafuni. Hapo mzee anahitaji viatu vinavyokamata kisigino, siyo kandambili. Katambuga za tairi, ambazo siku hizi watu wanazicheka, ni bora mara kumi.

Neno moja kabla sijaendelea. Msimu wa mabibo ni msimu wa uraka, na mzee akionekana chini, watu hucheka kwanza. Ni kweli pombe huangusha, tena humwangusha mzee upesi kuliko kijana. Lakini nimewajua wazee wasioonja hata tone, walioangushwa na kizunguzungu cha maradhi, wakaachwa njiani kwa sababu kila mpita njia alidhani wamelewa. Na wengine huambiwa wamerogwa. Kati ya kicheko na ramli, hakuna anayeuliza macho yake yanaonaje.

Na macho ni jambo kubwa. Mwaka 2005 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake 306 wenye umri wa zaidi ya miaka 70 waliokuwa na mtoto wa jicho. Wengine walipasuliwa mapema, wengine waliendelea kungoja zamu yao kama kawaida. Katika mwaka mmoja, wale waliopasuliwa mapema walipunguza kuanguka kwa asilimia 34. Jicho moja tu lilikuwa limetengenezwa! Kwetu mzee husema macho yameingia ukungu, na anauzoea ule ukungu kama anavyouzoea ukungu wa asubuhi wa Newala. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee, na katika hospitali nyingi utaona dirisha lililoandikwa kuwa ni la wazee. Ni jambo jema. Lakini dirisha halitoki hospitalini likamfuata bibi kijijini. Lazima awepo mtu wa kumshika mkono ampeleke, na mtu huyo ni mimi na wewe.

Vilevile dawa. Wazee wengi sasa wanatumia dawa za shinikizo la damu, na baadhi yao hupewa za usingizi. Dawa hizo ni za lazima kwa wanaozihitaji, asije mtu akasema redio imewaambia waziache. Lakini baadhi yake humfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka. Basi mzee akiamka usiku asiruke. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ahesabu mpaka ishirini, ndipo asimame. Na kizunguzungu hicho asikifiche kwa mganga wa zahanati, maana kipimo cha dawa kinaweza kubadilishwa.

Sasa nije kwetu sisi wa mjini, maana nahofia wengine mmeanza kusema kwamba dawa ni kumleta mama Dar es Salaam. Haya, tumemleta. Mama aliyekuwa akitembea kwenda shamba, akitwanga, akichuma kisamvu, sasa yuko Mbagala amekaa kwenye kochi anatazama televisheni. Akitaka kuosha kikombe anaambiwa, mama pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Miezi sita ya mapumziko hayo, na miguu imekuwa laini kama ya mtoto. Halafu sakafu ni ya marumaru, na msichana wa kazi amepiga deki sasa hivi. Bafuni mna kizingiti. Zulia la sebuleni limekunjika pembe. Nimesikia wazee waliopita majabalini miaka sabini bila kuumia, wakaja kuvunjika mjini baina ya kochi na jokofu.

Miguu ya mzee inataka kazi. Matokeo ya chunguzi nyingi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi ya kuimarisha miguu na kujizoeza kusimama bila kuyumba hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Usidhani ni mazoezi ya uwanjani. Mzee akae kwenye kiti kigumu, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, akae tena, mara tano, kesho mara sita. Ashike meza asimame kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Afuate mstari mmoja ukumbini kisigino kikigusa vidole, mjukuu akiwa pembeni yake. Na kwa Mungu mwacheni afagie!

Kuhusu mkongojo, nina ugomvi mdogo na watu wa mjini. Pale Mwenge tunanunua vinyago vya mpingo vya mzee ameegemea fimbo, tunaviweka juu ya kabati. Mzee mwenyewe tumemwachia achukue fito yoyote iliyokuwa jikoni. Mkongojo una kipimo chake. Mzee asimame wima na viatu vyake, mkono uning'inie, na kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu mno humsukuma nyuma, ukiwa mfupi humwinamisha. Ncha ifungwe kipande cha tairi ili isiteleze. Na kama mguu mmoja una maumivu, mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande ule mwingine, uende pamoja na mguu mbovu. Watu wengi hufanya kinyume.

Na ikitokea ameanguka? Kosa la kwanza ni kumnyanyua mbio mbio, wawili wakimvuta makwapani, kwa kuona aibu asionekane chini. Mwacheni alale kidogo, mwulizeni panapouma, mfunikeni asipate baridi. Mtazameni miguu. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, naye hawezi kuuinua, huenda ni mfupa wa karibu na nyonga. Hapo asisimamishwe, asikandwe kwa maji ya moto. Wako mafundi wa kuunga mifupa vijijini ninaowaheshimu, lakini mfupa wa mahali pale si wa kufungwa kwa vijiti na majani. Mguu ufungwe taratibu pamoja na ule mzima, abebwe juu ya kitanda au ubao wa mlango, apelekwe hospitali siku ile ile. Wao ndio watakaosema kama atatibiwa pale, au aende Ndanda, au Mtwara kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021. Kila juma analolala chali nyumbani akingoja nafuu linamletea vidonda vya mgongoni na kichomi, na hivyo ndivyo vinavyoua, si mfupa wenyewe. Akigonga kichwa, hata kama anazungumza vizuri, asiachwe peke yake usiku ule.

Halafu kuna hofu. Mzee aliyeanguka huogopa kutembea. Asipotembea, miguu hulegea. Miguu ikilegea, huanguka tena. Kwa hiyo akirudi kutoka hospitali asifanywe yai. Mama mkubwa alitembezwa na wajukuu, kwanza mpaka barazani, kisha mpaka kwenye mwembe, mwezi wa tatu mpaka kwa jirani yake wanayegombana kila siku. Nadhani ule ugomvi ndio uliomponya. Anachechemea, lakini anakwenda.

Tulipokuwa tunahesabu zile laki tisa, mpwa wangu mmoja aliye fundi seremala alikaa kimya. Juma lililofuata alipanda basi akaenda. Alikata nguzo saba, akazisimika toka mlango wa nyuma mpaka chooni, akapigilia fito ndefu juu yake kwa kimo cha kiuno cha mama mkubwa. Ndani ya choo akaweka nguzo nyingine ya kushikia wakati wa kuinuka, na dumu la maji lenye bomba dogo, ili kopo lisibebwe tena. Palipokuwa na mteremko alichimba vidaraja vitatu akavijaza kokoto. Mlangoni akatundika taa ya jua ambayo huwaka yenyewe giza likiingia. Misumari, dumu na taa vilimgharimu shilingi elfu arobaini na tatu. Miti ilikuwa ya shamba.

Nilikwenda kumwona mwezi wa Julai. Nikamwuliza kama ile fito inamsaidia. Akasema ingemsaidia kama wajukuu wasingeigeuza kamba ya kuanikia nguo. Usiku anapapasa fito anashika suruali mbichi. Nikawaita wajukuu, tukafunga kamba ya nguo upande wa pili wa ua.